Mikono Miwili ya Mikokoni

Tulimwacha Suhail Jaribu amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa Baraza la Mji, anajitazama mwenyewe.

Kwa aliyeikosa wiki iliyopita: Suhail ni fundi friji wa mtaa wa Mikokoni, mji wa Mchekeni, kusini mwa Pemba. Kibanda chake cha ufundi kilivunjwa soko lilipohamishwa. Mkewe, Widad, akachukua watoto akarudi kwao Kengeja, "mpaka ujue utaishi vipi." Kilichombakia ni nyumba ya mamake, vyumba vitatu na uwa, na hiyo nayo Baraza linaitaka.

Si nyumba hiyo peke yake. Mikokoni nzima. Baraza limekuja na ramani mpya, na kwenye ramani hiyo Mikokoni si tena eneo la makaazi. Ni "eneo la maendeleo ya ghorofa." Wenye nyumba watalipwa mabati na matofali yao. Ardhi hawalipwi, kwa sababu ardhi, wameambiwa, ni ya serikali.

Watu wakaitwa mkutanoni skuli. Wakakataa. Wakakataa kwa sauti, mmoja baada ya mwenzake, na wa mwanzo kusimama alikuwa Suhail. Mkutano ukafungwa, kila mtu akenda zake.

Halafu ikaja picha.

Imebandikwa ndani ya kioo, rangi zimetoka vizuri kabisa. Wakaazi wa Mikokoni wamekaa kwenye madawati, mikono juu. Mstari wa mbele, katikati, Suhail Jaribu. Si mkono mmoja, ni yote miwili, na macho kayafumba kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Chini yake maandishi: WANANCHI WA MIKOKONI WAUNGA MKONO MPANGO MPYA WA MAKAAZI.

Suhail aliitazama picha mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Akapangusa kwa kiganja. Akaitazama tena. Nyuma yake katika picha, pembeni, alionekana Shehe Sleiman wa msikitini, naye mikono juu, mdomo wazi.

Ndipo akajua.

"Fatiha!" akasema kwa sauti, peke yake, watu wanapita. "Hii ni Fatiha!"

Nani Pemba hii amewahi kuona mkutano umemalizika bila dua? Mkutano wa karafuu, mkutano wa ngalawa, mkutano wa mbuzi kala mihogo ya watu, hata ule uliovunjika kwa matusi, mwisho wake ni mmoja: "Shehe, tufungie." Mikono inainuliwa, Shehe anaomba, watu wanaitikia Amin, wanajipangusa nyuso, wanatafuta viatu vyao. Na katika kuinua mikono huko hakuna anayemtazama mwenye simu aliyesimama mbele.

Mwenye simu siku ile alikuwa Sameer, ofisa wa mipango miji. Picha za watu waliposimama kukataa hakupiga hata moja. Alingoja dua.

*

Alipofika Mikokoni, picha ilikuwa imeshamtangulia. Siku hizi habari mbaya haipandi gari.

"Huyooo!" akapiga kelele Mmanga, muuza pweza, kutoka barazani dukani. "Bwana Mikono Miwili kaja! Mpisheni apite, ana haraka ya kuhamia juu!"

"Mmanga, sina mchezo leo."

"Wala sie hatuna. Nambie tu, yakhe, wamekupa ghorofa ya ngapi?"

"Ya juu kabisa," akadakia mwengine, "apate upepo. Si unajua mafriji yanampa joto."

Wakacheka. Suhail alisimama. Kila aliyekuwa pale barazani yumo kwenye picha ile. Aliwahesabu kwa macho.

"Nyote mumo," akasema. "Wewe Mmanga umo, mstari wa pili, na kofia yako ya bluu. Mbona hukujiuliza wewe umepewa ghorofa ya ngapi?"

"Mie niko nyuma. Wa nyuma anamfuata wa mbele. Nlikuona umeinua, nikainua."

"Tulikuwa tunaomba dua!"

"Sie tulikuwa tunaomba dua. Wewe mbona umekaa katikati kama bwana harusi?"

Bi Mardhiya, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu kiunoni. Yeye hakucheka.

"Mie nimo pembeni," akasema, "mkono mmoja tu, wa pili umemshika mtoto. Watu wote wamenipigia simu. Binti yangu kanipigia kutoka Kisiwa Panza analia, ati mama umeuza nyumba." Akamgeukia Suhail. "Sasa mwanangu, si wewe uliyesema pale, Shehe atufungie?"

Suhail alikumbuka. Ndiyo, ni yeye. Alikuwa na furaha siku ile, kasema maneno yake yote na watu wamempigia makofi. Akasema: "Haya, Shehe, tufungie kwa kheri."

"Ni mie, Bi Mardhiya."

"Basi kafungue," akasema Bi Mardhiya, akaingia ndani.

*

Sameer ni kijana wa adabu. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mama, akamuuliza kama mvua Mikokoni imeingia majumbani. Watu wa namna hii ndio wa kuogopwa. Anayekutukana atachoka, anayekuuliza hali ya mama hachoki.

"Picha ile iondoe," Suhail akasema.

"Picha ina kasoro gani, kaka?"

"Ile ni dua."

"Mimi nimeona mikono."

"Sameer, wewe si Muislamu? Hujui dua? Kura ni mkono mmoja! Nani anapiga kura kwa mikono miwili?"

Sameer akatabasamu kidogo. "Aliyekubali sana."

Suhail alitaka kuinuka. Akajizuia. Alikumbuka kwamba aliyekuja kutaka jambo ni yeye.

"Mimi nilisimama nikakataa. Wenzangu wote walikataa. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mlisema maneno mengi, kwa hasira, na hiyo ni haki yenu. Kisha mkatulia, Shehe akaomba. Na nilimsikiliza vizuri, kaka Suhail. Alisema: Mola wetu, lijaalie jambo hili liwe la kheri, na ulitimize. Mkaitikia Amin. Nyote. Sasa nambie wewe, pale mezani palikuwa na jambo gani jengine? Palikuwa na ramani tu."

"Shehe husema hivyo kila siku!"

"Na nyie huitikia kila siku. Mkiposa, si Fatiha inayomaliza maneno? Mkipatana mpaka wa shamba, si Fatiha? Mtu akirudi nyuma baada ya Fatiha mnamwitaje?"

Sote tunajua anaitwaje.

Haya ndiyo maarifa yao, enyi mnaosoma. Zamani walikuja na bakora. Baadaye wakaja na hotuba. Sasa wamejifunza mila zetu vizuri kuliko sisi, wanatufunga nazo.

"Madiwani wanakaa Alkhamisi," Sameer akaendelea, sauti ile ile laini. "Wakipitisha, basi. Lakini mimi si mtu mbaya. Kama Shehe Sleiman mwenyewe atakuja mbele ya Baraza akasema ile ilikuwa dua ya kufungia mkutano na si ridhaa, Mwenyekiti anaweza kulirejesha jambo mtaani likaanza upya. Yeye mwenyewe, lakini. Au wazee wa mtaa. Mama yako, kwa mfano. Watu wanamuamini."

*

"Siendi," akasema Bi Mwatum.

Alikuwa uwani anakuna nazi, mgongo kampa mwanawe.

"Mama, ni neno moja tu. Useme hukukubali."

"Sikukubali."

"Ndiyo, basi useme hivyo, na Amin ile—"

"Amin nlitikia."

"Lakini hukuwa na maana ya—"

"Suhail." Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Nlitikia Amin kwa mdomo wangu na mikono yangu hii. Sasa niende kwa mtoto wa juzi nikamwambie Amin yangu ilikuwa ya kupitishia wakati? Kesho nikifa mtanisomea nini? Mtaniitikia nini?"

"Watatuvunjia nyumba, mama!"

"Wavunje. Nyumba hujengwa. Fatiha ikishasomwa haisomeki kurudi nyuma. Wewe Widad tulimpata kwa kitu gani? Palikuwa na karatasi siku ile? Ilikuwa Fatiha. Babake angekuja asubuhi yake akasema ile ilikuwa ya kufungia maneno tu, ungekuwa na mke wewe?"

"Sasa hivi pia sinaye."

"Hilo lako."

Suhail akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka.

"Uliomba nini, mama? Pale Shehe aliposema lijaalie la kheri. Wewe moyoni uliomba nini?"

Bi Mwatum akageuka. Ni mwanamke aliyeona tawala zikija na kuondoka, na kila moja ilimkuta uwani hapo hapo.

"Nliomba wasituvunjie."

"Basi hayo ndiyo ukayaseme!"

"Nshayasema. Nlimwambia Mungu. Huyo Sameer ni nani hata niyarudie kwake?"

Akarudi kwenye nazi yake.

*

Akabaki Shehe Sleiman.

Mnamjua kwa jina, sasa mjueni mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa skuli, sasa anasomesha Qur-ani. Anapanga chumba kimoja nyuma ya msikiti. Babu yake alikuwa na mashamba mpaka kwenye mikoko, na mtu akitaka kuukasirikia ulimwengu basi autazame ukoo huo: zama za babu walikuwa mabwana, zama za mjukuu hawana hata uwa wa kuanikia nguo. Yeye angali mtoto aliondoka kisiwani na mamake, baada ya Mapinduzi, mwaka ule mashamba yalipochukuliwa, akakulia Mombasa, akarudi kijana na vitabu vyake. Hakuwahi kusikika anadai hata mnazi.

Suhail alimkuta kwenye mkeka anachambua karafuu, anatenga tembe na vikonyo kama watu wengine.

"Assalaam alaykum, Shehe."

"Waalaykum salaam. Karibu, Bwana Mikono Miwili."

"Na wewe pia, Shehe?"

"Nnasikia kama wanavyosikia wengine. Kaa. Chambua."

Suhail akakaa, akachambua. Akaeleza yote: picha, Sameer, mamake na Amin yake. Shehe alisikiliza bila kuinua macho.

"Mamako kasema kweli," akasema mwishoni. "Na wewe umesema kweli. Ile ilikuwa dua. Mie siombi ramani zipite, mie naomba kheri. Ntakwenda Alkhamisi, ntayasema hayo."

"Mungu akulipe, Shehe! Wallahi—"

"Ngoja. Mie ntasimama niseme kweli yenu. Nikimaliza, wewe usimame pale pale useme yangu."

"Yako ipi?"

Shehe akaacha karafuu.

"Useme Mikokoni ilikuwa ya nani."

Kwao Suhail, hadithi ya Mikokoni huanzia pale marehemu babake, Mzee Jaribu, alipopewa eka zake tatu, na watu wakapiga vigelegele. Baadaye majirani wakagaiwa humo humo, mtaa ukaota. Kabla ya hapo, kwa namna inavyosimuliwa nyumbani, palikuwa na minazi tu. Minazi isiyokuwa na mwenyewe. Imejiotea, na imejipanga mistari yenyewe.

Kila anayekuja na ramani huanza kwa kufuta watu. Waliomgaia Jaribu walimfuta babake Sleiman. Sasa Baraza linamfuta Jaribu. Kalamu ni ile ile, mkono tu ndio umebadilika, na sisi kila mara tunashangilia kwa kuwa safari hii anayefutwa ni jirani.

"Shehe, unataka kuidai?"

"Nimesema itajwe. Sikusema irudi."

"Watu watanila nyama."

"Watakula. Mie walinila kabla sijaota meno."

Suhail alitazama vidole vyake, vimeshika harufu ya karafuu. Nyumba ile aliijenga upya mwenyewe, tofali moja moja, kwa pesa za mafriji ya watu. Mamake hana pengine pa kulala. Na mtu mmoja tu katika dunia anaweza kuizuia isivunjwe, naye amekaa mbele yake, hataki hata shilingi, anataka sentensi.

"Ntasema," akajibu.

"Tuisomee Fatiha?"

"La, la, Shehe!" Suhail akarudisha mikono nyuma kama aliyeguswa na umeme. "Mara hii tupeane mkono tu."

Shehe Sleiman akacheka mpaka karafuu zikamwagika.

*

Alkhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa. Mikokoni walikuja wote, wengine kumtetea Suhail, wengi zaidi kumtazama akiaibika. Mmanga alikaa mstari wa mbele, na safari hii akavua kofia ya bluu.

Kabla ya kikao kuanza mlango ukafunguka akaingia Bi Mwatum na buibui lake la kutokea.

"Mama! Si ulisema huendi?"

"Nlisema sisemi. Kusikiliza sikukatazwa."

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Thuraiya, mwanamke mwenye sauti ya kukata. Akaamuru picha ioneshwe ukutani. Suhail akajiona mkubwa kama mlango, macho kayafumba. Watu wakaguna.

"Shehe Sleiman. Dua hii uliiongoza wewe?"

"Mie, Mheshimiwa."

"Ulisema ulitimize?"

"Nlisema. Nasema hivyo kwenye harusi, nasema kwenye hitma. Nlisema kwenye mkutano wa kamati ya maji, na maji Mikokoni hayajatoka mpaka leo. Ingekuwa dua yangu ni amri, Mheshimiwa, watu hawa wote wangekuwa wameoga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata madiwani. Mmanga alipiga dawati.

"Kwa hiyo hawakuridhia mpango?"

"Walikataa. Mtu mmoja mmoja. Kisha wakamuomba Mola wao. Aliyechukua kumuomba Mola akaita kulikubalia Baraza, huyo ana makosa na Baraza na ana makosa na Mola."

Sameer aliinama akawa anafuta kioo cha simu yake.

Mwenyekiti akaitazama picha ukutani. "Na mimi sijapata kuona," akasema, "mtu anapiga kura amefumba macho." Akavua miwani. "Waheshimiwa, naona jambo hili lirudi mtaani. Ukaitishwe mkutano mwengine, kura ipigwe kwa kuhesabu watu, na dua isomwe baada ya hesabu. Kuna mwenye la ziada?"

Vigelegele! Bi Mardhiya alikuwa analia. Mtu nyuma akampiga Suhail begani: "Fundi! Tusamehe, fundi!" Mmanga akageuka mzima mzima, "Nlijua mie! Nlijua tangu mwanzo!"

Hapo Suhail angeweza kukaa kimya. Ndugu msomaji, usijifanye wewe ungesimama. Nyumba imepona. Jina limesafika. Na aliyemwahidi ni mzee mmoja asiye na shahidi, hakuna Fatiha iliyosomwa, ni mkono tu walipeana juu ya karafuu za watu.

Shehe Sleiman hakumwita. Hakukohoa. Alimtazama tu, kisha akashusha macho, kama mtu aliyezoea.

Kushusha macho kule ndiko kulikomwinua.

"Mheshimiwa, nna neno."

"Kwa ufupi."

"Ardhi ya Mikokoni..." Akawatazama majirani zake. Akaanza tena. "Sie tunasema tumeikuta pori. Si kweli. Ilikuwa shamba la babake Shehe Sleiman huyu. Minazi walipanda wao. Babangu alipewa, hakuiba, lakini alichopewa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akijulikana. Nlitaka itajwe. Basi."

Vigelegele vilikufa ghafla kama vilivyozaliwa.

"Kaa chini, mwendawazimu!" Mmanga akanguruma.

"Anamuuza nani sasa huyu?"

"Mtoeni nje! Bi Mwatum, mwanao kaingia pepo!"

Bi Mwatum alikuwa amekaa, mikono chini ya buibui.

Na Sameer alikuwa ameshasimama. Tabasamu limerudi mahali pake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa idhini yako. Mkaazi mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya Baraza, amesema kwamba asili ya ardhi ina mwenyewe mwengine. Kanuni yetu iko wazi. Eneo lenye mgogoro wa asili halijadiliwi kama makaazi. Husimamishwa. Hakuna kujenga, hakuna kutengeneza, hakuna kupigiwa kura, na waliomo huhesabiwa wamo kwa muda tu, mpaka Baraza liamue vyenginevyo." Akaketi taratibu. "Sikuyasema mimi. Kayasema kaka Suhail."

Kwa mara ya pili katika mwezi mmoja Suhail alikuwa amefungua mdomo kwa kheri, na kwa mara ya pili wameuchukua mdomo wake wakaugeuza mlango wa kuingilia nyumbani kwake.

Kelele zikawa hazina mwenyewe. Mwenyekiti akagonga meza.

"Nyamazeni! Nyamazeni, nimesema! Mgogoro lazima uwe na mdai. Bila mdai hakuna mgogoro, Sameer, hilo nalo limo katika kanuni." Akamgeukia Shehe. "Shehe Sleiman, jambo liko mkononi mwako. Ukisema huidai ardhi hii, mpango unarudi mtaani kama nilivyosema, na watu wanabaki majumbani mwao. Ukisema unaidai, naisimamisha Mikokoni leo hii. Unaidai, au huidai?"

Watu mia wakamtazama mzee mmoja.

"Sema huidai, Shehe," akanong'ona Bi Mardhiya. "Sema, baba."

Suhail hakuwa na wasiwasi. Alimjua mtu yule. *Nimesema itajwe, sikusema irudi.*

Shehe Sleiman akasimama. Hakumtazama Mwenyekiti.

"Kabla sijajibu, Mheshimiwa, nna suali moja kwa Bi Mwatum."

"Bi Mwatum hakuitwa hapa."

"Anajua nataka kuuliza nini."

Ukumbi mzima ukageuka. Bi Mwatum hakuinua uso.

"Siku tuliyotiwa chomboni kwenda Mombasa," akasema Shehe, "babangu alikuwa hajiwezi kwa maradhi, akabaki. Baadaye tukaletewa salamu kwamba amekufa na kazikwa mle mle shambani, na aliyemzika ni mumeo. Nliporudi kijana nlimuuliza Mzee Jaribu, akanambia yeye hajui. Nlimuuliza mara nyingi. Alikuwa akinitazama hivi, machoni, ananambia hajui. Kafa naye hajui." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya darasani. "Ardhi mie sina haja nayo. Nimeishi bila ardhi. Lakini mwanawe leo kasimama kasema kweli mbele ya watu, nami nimepata moyo. Bi Mwatum, nakuomba kwa jina la Mungu. Babangu kalala wapi?"

"Mama," Suhail akanong'ona, "mwambie hujui. Mwambie tu hujui, aseme huidai, twende nyumbani."

Bi Mwatum alitoa mikono kwenye buibui akaiweka magotini. Alimtazama Shehe kama anayemtafuta humo mtoto aliyetiwa chomboni.

"Mzee Jaribu alinilisha yamini nisiseme," akasema. "Nikikuonyesha, Sleiman... nyumba yangu itabaki imesimama?"

Suhail aliisikia sentensi ile, akaisikia tena ndani ya kichwa chake, na mara ya pili ndiyo iliyomfikia. Vyumba vitatu na uwa, na chini yake mtu amelala. Tofali moja moja, kwa mikono yake.

Shehe Sleiman akaketi. Hakuna aliyemwambia akae. Bi Mardhiya akaziba mdomo kwa mtandio. Mmanga alimtazama Suhail, akaikunja kofia yake ya bluu mkononi.

"Shehe," akasema Mwenyekiti, na ile sauti ya kukata haikukata tena, "Baraza linangoja. Unaidai, au huidai?"